Kichina cha Kericho na Bomet Kianzie Kwenye Chai

Liko neno moja la Kichina ambalo kila mtoto wa Kericho hulitamka kabla hajapelekwa shule: chai. Wachina walio wengi husema cha. Neno hilo likapanda misafara ya nchi kavu, likapita Uajemi na India, likashuka kwenye pwani yetu pamoja na wafanyabiashara. Mkipsigis alipolipokea alilivika kiambishi cha lugha yake, likawa chaiik. Watu wa Fujian, kusini mwa China, wao husema te. Waholanzi wakalibeba hilo hadi Ulaya kwa merikebu, na ndiyo maana Mwingereza aliyekuja kufyeka misitu ya Kericho katika miaka ya 1920 alikuwa na neno tofauti na letu kwa mmea uleule. Wanasayansi nao waliupa jina la kwao, Camellia sinensis, yaani kamelia ya China.

Nimeanzia hapo kwa sababu kila suala la kufundisha Kichina chuoni linapozuka katika kaunti hizi mbili, mazungumzo hukimbilia barabara, mikopo, ufadhili wa masomo na kazi za ukalimani Nairobi. Chai haitajwi. Naamini hapo ndipo tunapopotea njia. Kericho na Bomet zina sababu nzuri ya kujifunza Kichina, nzuri kuliko ya kaunti nyingi za Kenya, na sababu hiyo iko shambani: majani mawili na chipukizi.

Tuangalie kwanza kilichopo. Kenya ilitangulia Afrika katika jambo hili. Taasisi ya Confucius ya kwanza barani ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi Desemba 2005, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Zikafuata za vyuo vikuu vya Kenyatta, Egerton na Moi. Utaratibu wake hautofautiani sana popote uendapo duniani: chuo mwenyeji hutoa madarasa na ofisi, chuo rafiki cha China huleta walimu na vitabu, na wakurugenzi huwa wawili, mmoja mwenyeji na mmoja Mchina. Hadi 2020 kazi hiyo ilisimamiwa na Hanban, ofisi iliyofungamana na wizara ya elimu ya China. Mwaka huo usimamizi ukahamishiwa kwa wakfu ulioundwa kwa ajili hiyo. Mwanafunzi huanza kwa matamshi na salamu, kisha hupanda ngazi za mtihani wa HSK, ambao vyuo vya China huutazama kabla ya kumpokea kwa ufadhili. Pembeni kuna maandishi ya brashi, taiji, ukataji wa karatasi nyekundu, sherehe za mwaka mpya wa Kichina na shindano la ufasaha liitwalo Daraja la Kichina.

Katika nchi ya chai hakuna taasisi ya aina hiyo. Kuna vyuo vikuu vya umma viwili. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilicho Belgut, kilipata hati yake 2013, na cha Bomet kilianzishwa 2017 kama chuo kishiriki. Vyote viwili vimezaliwa na Moi. Kijana wa Sotik anayetaka kusoma Kichina karibu na kwao itambidi aende Njoro, kwa Egerton, au Eldoret, kwa Moi. Njoro ni mwendo wa saa mbili hivi kwa matatu kutoka mjini Kericho. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama vijana wetu wakijue Kichina. Wanaokitaka tayari wanakifuata. Swali ni kama vyuo vyetu vina chochote cha kuongeza ambacho Njoro na Eldoret hazina.

Majirani hao wawili wanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kila mmoja alikataa kuifanya taasisi yake iwe darasa la lugha tupu. Egerton ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing, ambacho ilikuwa na uhusiano nacho tangu miaka ya 1990, na ikakiweka kilimo katikati ya mpango wake. Moi, mwaka 2015, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai, ambacho zamani kiliitwa chuo cha nguo, na chaguo hilo lilikuwa na mantiki yake: mwaka 2007 Moi ilikuwa imekinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex pale Eldoret. Lugha ingefungwa kwenye pamba na uzi. Hilo lilikuwa wazo sahihi kabisa.

Hata hivyo Rivatex inatufundisha jambo jingine. Kiwanda kilipofufuliwa na kuzinduliwa upya 2019, mitambo yake mipya ilitokana na mkopo wa India. Taasisi ya Kichina ilikuwa chuoni, mitambo ikaja na mabwana wengine na mafundi wengine. Silaumu mkopo huo. Nasema tu kwamba kuweka taasisi karibu na kiwanda hakutoshi kuvifanya viwili hivyo vizungumze. Mwanafunzi aliyefika HSK ngazi ya nne bila kugusa mtambo wa kufuma ni msomaji mzuri wa Kichina, basi. Chuo Kikuu cha Machakos kilipita njia ya tatu: Desemba 2019 kilifungua karakana ya mafunzo iitwayo Luban pamoja na chuo cha ufundi cha Tianjin, ambako vifaa na mafunzo ya teknolojia ya mawasiliano ndiyo kiini na lugha ni msaidizi. Ukiniuliza, karakana ile ndiyo iliyo karibu zaidi na kile ambacho Kericho inahitaji, ingawa kwetu karakana yenyewe ingekuwa ya kunyausha na kuviringisha majani.

Sasa nije kwenye hoja ya soko, kwa maana ndiyo inayorudiwa zaidi na ndiyo dhaifu zaidi. Husemwa kwamba China ni mteja mkubwa, basi tujifunze lugha ya mteja. Kama lugha ingefuata soko la chai yetu, Kabianga ingekuwa inafundisha Kiurdu. Pakistan ndiyo mnunuzi wetu mkuu kwa miaka mingi, na Misri iko nyuma yake. Chai ya mnada wa Mombasa humiminika Karachi na Cairo. Na kama lugha ingefuata mwenye mashamba, tungekuwa na idara ya Kisinhala: James Finlay Kenya ilinunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka 2023, na mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikakubaliana kuyachukua mashamba yaliyokuwa ya Unilever, ambayo wenyeji wengi bado huyaita Brooke Bond. Sijasikia mtu yeyote akidai Kisinhala. China, kwa upande wake, ndiyo mzalishaji mkubwa wa chai kuliko wote duniani, zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka, na sehemu kubwa huinywa yenyewe. Kumwuzia chai Mchina si jambo jepesi.

Mlango wa forodha, ni kweli, umeanza kufunguka. Tangu Desemba 2024 China imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo duni zaidi, zikiwamo Tanzania na Uganda. Kenya haimo katika kundi hilo. Juni 2025 China ikatangaza kwamba iko tayari kuziondolea ushuru nchi 53 za Afrika, na Kenya imo. Lakini ushuru ukifika sifuri bado utabaki na gunia la chai ambayo mnywaji wa Hangzhou hajui aifanyie nini. Karibu chai yetu yote husindikwa kwa njia ya CTC: jani hukatwa, huraruliwa na kuviringishwa kuwa punje ndogo zinazotoa rangi kali upesi, zinazofaa mfuko wa karatasi au sufuria ya maziwa. Mchina anataka jani zima. Humwagia maji ya moto, hunywa, humwaga tena, mara nne, mara tano, na kila mara ladha hubadilika. Punje zetu humwaga kila kitu katika kikombe cha kwanza.

Hapo ndipo sababu ya kweli inapojitokeza. Kichina ni lugha ya maarifa ya chai. Kwa Mchina chai ni koo sita: kijani, nyeupe, njano, oolong, nyekundu na nyeusi. Zote hutoka kwenye mmea mmoja huuhuu tulio nao Konoin na Kipkelion, na tofauti yote iko mikononi mwa msindikaji. Jani likitiwa moto mapema ukijani hubaki. Likinyaushwa, likaviringishwa na kuachiwa hewa, hugeuka jekundu. Oolong husimamishwa katikati ya safari. Kila ukoo una matawi, kila tawi lina kijiji chake, mlima wake, mwezi wake wa kuchumwa. Novemba 2022 UNESCO iliziingiza mbinu hizo za jadi katika orodha ya urithi wa binadamu. Vyuo vikuu kadhaa vina idara za chai, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Anhui kule Hefei kina maabara ya taifa ya biolojia ya mmea huu. Sehemu kubwa ya kinachoandikwa huko haifiki kwa Kiingereza, na kinachofika kimechelewa.

Nitoe mfano mmoja mdogo unaoonyesha gharama ya kutokujua. Kile ambacho Mwingereza hukiita chai nyeusi, Mchina hukiita hongcha, chai nyekundu, kwa kuwa yeye hutazama rangi ya maji kikombeni. Mtu wa pwani anayeagiza chai ya mkandaa angemwelewa papo hapo, maana mkandaa ni mkoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Chai nyeusi ya Mchina, heicha, ni kitu kingine kabisa, iliyochachuka baada ya kusindikwa na kulazwa ikomae. Mfanyabiashara wa Litein akituma sampuli yenye lebo iliyotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, atakuwa ameahidi bidhaa asiyo nayo. Simu inaweza kumtafsiria barua nzima kwa sekunde moja na kumwacha na kosa hilo hilo. Simu hizo, kwa njia, ndizo zinazonifanya nisiwe na imani na ndoto ya ukalimani. Mkalimani wa maneno matupu anabanwa kila mwaka unaopita. Fundi wa chai anayejua Kichina habanwi na mtu.

Na mkulima anahitaji fundi huyo. Mkulima mdogo anayepeleka majani kituoni kwa ajili ya kiwanda cha Mogogosiek au Kapkoros hulipwa kidogo kila mwezi, kisha husubiri bonasi. Bonasi za viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa zimekuwa chini ya zile za Mlima Kenya, na 2025 hasira ya jambo hilo ilisikika nchi nzima. Katika mashamba makubwa, mashine za kuchuma zimechukua kazi za mikono kiasi kwamba Mei 2023 vijana walizichoma moto mashine hizo Kericho, na damu ikamwagika. Yote mawili yanatoka kwenye shina moja: tunauza kwa wingi chai ya aina moja ambayo bei yake hupangwa na wengine. Viwanda kadhaa vimeanza kusindika chai ya othodoksi, ile ya jani lililoviringishwa bila kuraruliwa, na huko Nandi wapo wanaoifanya vizuri. China hutengeneza mashine ndogo za kusindika zinazotosha kikundi cha wakulima kumi, na karatasi ya maelekezo huja kwa Kichina. Asiyeisoma humtegemea wakala.

Tena hatuendi huko kama ombaomba wa maarifa. Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, ina kituo cha utafiti wa chai ambacho mizizi yake inarudi nyuma hadi miaka ya kati ya karne iliyopita na ambacho leo ni sehemu ya shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Hapo ndipo ilipozaliwa chai ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi. Yunnan nako wana chai yao ya zambarau, Zijuan. Watafiti wa pande hizo mbili wana la kuulizana usiku kucha. Wakulima wengi waliipanda ya kwetu kwa matumaini makubwa, kisha wakakosa kiwanda cha kuisindika peke yake, ikachanganywa na majani ya kijani kwa bei ileile. Jambo hilo huniuma kila nipitapo kwenye shamba la zambarau lililoachwa likarefuka kuwa msitu. Kama kuna somo la kwanza la Kichina linalofaa kuandikwa kwa ajili ya Kericho, liwe hili: nini Wayunnan walifanya na jani lao la zambarau baada ya kulichuma.

Liko jambo jingine la hapa kwetu ambalo sijaona likipewa uzito. Mkenya aliyekulia Kiswahili na Kiingereza tu akianza Kichina huteswa na toni. Silabi ma ikitamkwa juu na kunyooka ni mama. Ikipanda ni katani. Ikizama kisha ikainuka ni farasi. Ikiporomoka ni kukaripia. Kiswahili hakina toni, kina mkazo tu, nao hukaa palepale, silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini Kipsigis ni lugha ya toni. Nomino hutamkwa kwa toni moja inapokuwa ndiyo mtenda na kwa nyingine inapokuwa ndiyo mtendwa. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Sikio ndilo linaloamua nani kampiga nani. Mtoto wa Bureti hufanya hesabu hiyo kichwani tangu alipoanza kusema, bila kujua kwamba anafanya chochote cha ajabu. Toni za Kichina zina tabia yake, zinakaa ndani ya neno lenyewe na kulibadilisha maana, kwa hiyo sisemi kazi imekwisha. Nasema sikio limekwisha kunolewa.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia. Shuleni aliandika Kiingereza na Kiswahili, na Kipsigis kikabaki cha jikoni na cha redio. Mwalimu anayetoka Tianjin au Shanghai hajui kwamba mbele yake wamekaa wasemaji wa lugha ya toni, na vitabu anavyokuja navyo vimetungwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Idara ya lugha ya Kabianga au Bomet inaweza kufanya hapa kazi ambayo Nairobi haiwezi: kutunga kozi ya mwaka wa kwanza inayofundisha toni za Kichina kwa kuanzia toni za Kipsigis. Faida ingekuwa ya pande mbili, kwa kuwa mwanafunzi huyo angeijua sarufi ya mama yake kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 taasisi ya mitaala nchini, KICD, ilitangaza kwamba Kichina kingefundishwa kuanzia darasa la nne. Uganda mwaka uliotangulia ilikuwa imechagua shule 35 za sekondari kwa ajili hiyo. Watu wengi waliuliza kwa uchungu kwa nini lugha ya mbali iingie darasani kabla ya lugha za nyumbani kupata vitabu vya kutosha. Uchungu huo ulikuwa wa haki. Jibu lake ni kozi kama hii, ambamo lugha ya nyumbani ndiyo ngazi ya kupandia.

Siwezi kuandika haya bila kugusa hofu zilizopo, na sizioni kuwa za kubuni. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Chicago kiliachana na Taasisi yake ya Confucius baada ya walimu zaidi ya 100 kutia saini ombi la kuipinga. Walidai kwamba ajira na mitaala ilikuwa inaamuliwa nje ya chuo. Uswidi, ambako taasisi ya kwanza ya Ulaya ilifunguliwa 2005, ilikuwa imefunga zote kufikia 2020. Marekani zimebaki chache mno. Mambo ambayo hayazungumzwi katika madarasa hayo yanajulikana: Taiwan, Tibet, Tiananmen ya 1989. Kwa upande wangu siwaogopi walimu vijana wanaokuja kufundisha salamu na nyimbo. Wengi wao ni watu wema wanaokaa mwaka mmoja au miwili kisha wanarudi kwao kabla hawajaweza kuagiza ugali kwa Kiswahili. Ninachokiogopa ni mkataba usioonekana.

Nchi hii ya chai ina haki ya kuogopa mikataba. Ardhi ya mashamba haya ilitwaliwa enzi za ukoloni na kukodishwa kwa miaka 999, na ni Katiba ya 2010 iliyopunguza umiliki wa wageni kuwa usiozidi miaka 99. Ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, na wazao wake wanaidai haki yao hadi leo. Na tumeona karibuni jinsi mikataba ya reli ya SGR na benki ya China ilivyofichwa kwa miaka, hadi Novemba 2022 serikali ilipotoa hadharani sehemu yake. Kwa hiyo mzazi wa Ainamoi akiuliza nani anamwajiri mwalimu, nani anasahihisha mtihani, na kama mwalimu wa historia wa chuo ataruhusiwa kuzungumzia madeni ya reli hiyo katika ukumbi uleule, hajakosa adabu. Chuo cha umma kinabanwa na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kitoe karatasi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kabla ya kusaini.

Fedha ndiyo kishawishi chenyewe, na hatuna budi kuitaja. Vyuo vikuu vyetu vya umma vimelemewa na madeni. Mwishoni mwa 2024 wahadhiri wa Moi waligoma kwa karibu miezi mitatu. Katika hali hiyo, mshirika anayekuja na walimu waliokwisha lipwa, vitabu, kompyuta na tiketi za ndege huonekana kama mvua ya Aprili. Naielewa seneti ya chuo ambayo mkono wake unatetemeka kutaka kusaini. Lakini programu ambayo kila mshahara wake hutoka Beijing ni ya Beijing, hata ikikaa Kabianga miaka thelathini. China yenyewe inalijua hili vizuri kuliko sisi. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1961, na miaka hiyohiyo Kiswahili kikaanza kufundishwa katika chuo cha utangazaji cha Beijing. Hawakungoja Nairobi au Dar es Salaam iwafungulie taasisi. Walilipa walimu, wakasomesha vijana wao, wakawatuma kuishi kwetu. Ndiyo maana 2011 tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake iliingia sebuleni kwa Watanzania ikizungumza Kiswahili. Nchi inayoihitaji lugha huinunua kwa fedha zake.

Ningependa basi kuona jambo dogo likianza, bila jengo jipya wala sherehe ya kukata utepe. Kabianga ina shamba lake la chai. Timbilil iko jirani. Bomet ina wanafunzi ambao wazazi wao ni wenye hisa katika viwanda vya wakulima wadogo vya KTDA. Chuo cha kilimo kama cha Anhui au cha Hunan, ambako chai ni fani kamili, kingetufaa kuliko chuo cha ualimu kilichobobea katika kufundisha herufi. Walimu wa Kenya waliokwisha hitimu Kichina wawepo tangu siku ya kwanza, walipwe na chuo, na idadi yao izidi ya wageni kadiri miaka inavyosonga. Mwalimu anayekuja aandikishwe darasa la Kiswahili katika juma lake la kwanza. Sehemu ya utamaduni isiwe ya kukata karatasi tu: Mchina na atuonyeshe namna ya kumwaga maji kwenye oolong, nasi tumwonyeshe chai ya maziwa inavyochemshwa kwa pamoja na kwa nini mgeni haondoki Kericho bila kunyweshwa. Kaunti hizi mbili zigharamie wanafunzi wachache, watano au sita kila mwaka, wanaokwenda kusomea usindikaji, wakiwa na sharti la kurudi kufanya kazi kiwandani.

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, iliyozinduliwa Novemba 2025, inajengwa na Wachina, na ramani ya reli kutoka Naivasha kwenda Kisumu inapita Narok na Bomet. Wahandisi watakuja, watakaa, wataondoka. Mabaraza ya Kabianga na Bomet yasifanye mpango wa lugha kwa ajili ya watu wanaopita. Mpango ufanywe kwa ajili ya mama anayepima kilo zake kituoni saa sita mchana. Nanyi wazazi wa Belgut, Konoin na Bureti, mtakapoitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, msikubali kuonyeshwa video ya majengo marefu ya Shanghai. Ombeni mkataba muusome. Kisha mwulizeni mgeni swali moja, mbele ya watu wote: mwalimu mnayetuletea, aliwahi kuviringisha jani la chai kwa mikono yake?